Mashine ya boti ikikosa mafuta: uanze na mpira, usafishe kabureta, au ununue mpya?

Mwenye mashine kuukuu ya boti anaijua hali hii. Asubuhi imewaka kwa mvuto wa tatu, imetoka ufukweni vizuri, na mkishafika maji makuu inaanza kushuka sauti, inakohoa mara mbili, inazima. Unavuta kamba, inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Ukirudi pwani kila mtu ana dawa yake. Mmoja anasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeziba. Mwingine anasema pampu imechoka. Wa tatu anakwambia nunua kabureta mpya, upumzike. Wote wanaweza kuwa sahihi, lakini hawawezi kuwa sahihi siku moja, na wewe una mfuko mmoja.

Mimi lilinikuta ndani ya ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, siku ya bamvu, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Tulikuwa tunatoka Jibondo kurudi Utende na maji yanatoka. Anayeyajua maji yale anajua kwamba yakipwa hukimbilia mlango wa Kinasi, na chombo kisicho na nguvu huondoka nayo kwenda bahari kuu. Mashine yangu ilikuwa ya nguvu za farasi kumi na tano, silinda mbili, kabureta moja. Kabureta hiyo ilikuwa mpya. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeinunua kwa ushauri wa fundi, kwa sababu mashine ilikuwa inazima hivyo hivyo. Nayo ikazima tena. Mzee mmoja tuliyempakia, nahodha wa jahazi wa siku nyingi, hakuitazama kamba. Aliinama akaishika pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa mafuta.

"Mwanangu, hii imelegea. Wewe shika usukani, mimi nitakamua."

"Utachoka, mzee wangu."

"Nikichoka utanipokea. Washa."

Alikamua mpaka Utende. Akiacha, haikupita dakika moja sauti ikashuka, akikamua, ikapanda. Pale ufukweni nilifungua kiunganishi cha mpira, kile kinachochomekwa kwenye injini, nikaikuta oringi yake imepasuka. Ni kipete cha mpira kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Kwa ufa ule injini ilikuwa inavuta hewa pamoja na petroli. Kabureta ya zamani haikuwa na kosa hata kidogo.

Tangu siku ile nina mpangilio, na ninauweka mbele mapema ili anayesoma ajue nasimama wapi. Pesa ya kwanza iende kwenye mpira, viunganishi na pampu ya mkono. Ya pili iende kwenye kusafisha kabureta uliyonayo na kuitia gasketi mpya, zile za kuzibia maungio. Kabureta nyingine ije mwisho, na ikija, kuna tofauti kubwa kati ya zile zinazouzwa. Nazungumzia mashine ndogo za mapigo mawili zenye kabureta na tangi la pembeni, kama zile Yamaha Enduro zilizozagaa pwani yetu na kwenye maziwa. Mashine za kisasa zenye mfumo wa kompyuta zina hesabu nyingine.

Kwanza azima tangi

Kabla ya kulinganisha bei za spea, linganisha matangi. Nenda kwa jirani mwenye mashine ya aina yako inayofanya kazi, muombe tangi lake pamoja na mpira wake wote, mpaka kiunganishi. Chomeka kwenye mashine yako, toka nayo mahali salama karibu na ufukwe, ikimbize kwa muda uleule ambao kwa kawaida huwa inazima. Ikikimbia bila kukohoa, ubovu uko nyumbani kwako, kuanzia kifuniko cha tangi hadi ncha ya mpira. Ikizima vilevile, ubovu uko ndani ya injini: pampu ya mafuta, kabureta, au pengine moto wa plagi.

Jaribio hili ni la bure na linagawanya tatizo katikati. Nimeona watu wakifungua kabureta mara tatu kwa mwezi bila kulifanya. Hakikisha jambo moja tu, tangi unaloazima liwe na petroli iliyochanganywa oili. Kama mashine ya jirani ni ya mapigo manne, au ina tangi lake la oili ndani, petroli yake ni tupu, na injini yako ya mapigo mawili itakimbia bila kilainishi. Hapo utaua injini ukitafuta ugonjwa wa mpira.

Na kama una shaka na moto wa plagi, sikiliza inavyozima. Moto ukikatika, mara nyingi injini inanyamaza ghafla kama taa iliyozimwa. Mafuta yakikosekana, inafifia, inakohoa, wakati mwingine inapandisha sauti kidogo kabla ya kufa. Fungua plagi mara tu inapozima: kavu maana yake petroli haifiki, imelowa chapachapa maana yake petroli inafika lakini haiungui, au inafika kupita kiasi.

Pampu ya mkono inavyosema

Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko pampu ya mkono, na unayo tayari. Kabla ya kuwasha, isimamishe mshale ukiangalia juu, mshale huo uelekee upande wa injini, ukamue mpaka iwe ngumu. Kisha uiangalie injini ikiwa inakwenda, kwa sababu hali tatu zinazofanana kwa mbali zina maana tofauti kabisa.

Ikiwa imenywea na kujibana kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa, injini inavuta lakini nyuma kuna kizuizi. Angalia skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Watu huifunga wakati wa kubeba tangi na kusahau kuifungua. Injini inaenda kwa muda, tangi linajenga ombwe, petroli inagoma. Fungua kifuniko, ukisikia pumzi ikiingia, umelipata. Kama hewa iko wazi, basi chujio dogo lililo mwisho wa bomba la ndani ya tangi limeziba, au mpira wenyewe umeoza kwa ndani. Huu wa mwisho unadanganya sana: nje mpira unang'aa, ndani ngozi imebanduka na inajifunga kila injini inapovuta kwa nguvu.

Ikiwa imelegea bila kunywea, na ukiikamua injini inapata nguvu, kuna hewa inaingia mahali, kama ilivyokuwa kwangu, au pampu ya injini imechoka. Hewa inaingia mahali ambapo petroli haitoki, kwa hiyo usisubiri kuona matone. Pampu ya mkono yenyewe ina vali mbili ndogo, moja kila upande, na zikichoka huwezi kuifanya iwe ngumu hata ukamue kutwa nzima.

Ikiwa ni ngumu kama jiwe na injini bado inakufa, petroli imefika mlangoni na imezuiwa ndani. Hapo ndipo kabureta inapostahili kufunguliwa. Na ikiwa haipati ugumu kamwe huku petroli inatiririka kutoka kwenye kabureta, sindano ya kabureta inayofunga mlango wa petroli haifungi, au boya linaloisukuma limekwama. Hali hiyo ni ya hatari ya moto. Acha kila kitu, ondoa petroli iliyomwagika, usivute kamba.

Njia ya kwanza: mpira mpya na viunganishi

Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kabureta, na kazi ni ya nusu saa kwa bisibisi na kisu. Hapa uchaguzi ni kati ya mpira halisi wa petroli na ule mpira angavu wa plastiki unaouzwa kwa mita, ambao wengi huununua kwa sababu unaona mafuta yakipita. Mpira angavu una faida hiyo kweli, ukiwa mpya unaona hata viputo vya hewa. Lakini petroli na jua huukausha, unakuwa mgumu kama fimbo, na ukishakuwa mgumu haushiki tena kwenye ncha. Kwa majaribio ya siku moja nautumia. Kwa kazi naweka mpira mweusi wa mafuta, na napima kipenyo cha ndani kabla ya kukata: mpira ulio mpana kuliko ncha unakazwa kwa klipu lakini hewa itapita tu.

Klipu za chuma kisichoshika kutu, ndiyo. Utepe wa mpira wa baiskeli uliozungushwa mara kumi, hapana, ingawa kila bandari unao. Mpira wa baiskeli hauivumilii petroli. Unavimba, unalainika kama ulimi, na vipande vyake vinaingia kwenye njia ya mafuta. Hali ni hiyo hiyo kwa silikoni ya kuzibia: ndani ya petroli inavimba na kubanduka vipandevipande, halafu unavikuta kwenye jeti, vile vipande vya kabureta vyenye tundu la kupimia petroli.

Watu wengi siku hizi huongeza kichujio kidogo cha pikipiki kwenye mpira. Wazo ni zuri, lakini kichujio kile kimepimwa kwa pikipiki. Mashine ya kumi na tano ya mapigo mawili, ukiifungua yote, inaweza kunywa lita sita au saba kwa saa. Tafuta kichujio kikubwa zaidi, kikae kabla ya pampu ya injini, na ukibadilishe kabla hakijawa cheusi. Nimekutana na boti iliyokuwa inakosa mafuta kwa sababu tu ya kichujio kilichowekwa ili isikose.

Kuhusu pampu ya injini sina mengi. Ni ngozi nyembamba inayopigwa na mapigo ya hewa ya injini yenyewe. Kwenye mashine nyingine imefungwa ubavuni, kwenye nyingine imeungana na kabureta. Ngozi ikikakamaa, inasukuma kidogo na injini inakosa nguvu mwendo wa juu. Ikipasuka, petroli inapitia kwenye tundu la mapigo na kuingia ndani ya injini. Moshi unazidi na plagi inalowa. Ngozi na gasketi zake huuzwa kwa seti ndogo, na kwa mashine ya miaka mingi ningezibadilisha bila kusubiri zipasuke.

Njia ya pili: kusafisha kabureta uliyonayo

Sasa kabureta, ambako pesa nyingi hupotea. Dalili zinazoielekea ziko wazi ukizitenganisha. Injini inakwenda vizuri mwendo wa juu lakini haitulii mwendo wa chini, au inakubali tu ukivuta choki nusu: jeti ndogo imeziba. Inatulia vizuri lakini ukifungua inakata: jeti kubwa, au mafuta hayaji ya kutosha kutoka nyuma. Choki, inayobana hewa ili petroli izidi, hapa ni ushahidi, si tiba. Ukiona injini inahitaji choki ikiwa imeshapata moto, inakwambia hewa ni nyingi na petroli ni chache.

Na jambo hili si la kuahirisha. Kwenye mapigo mawili oili inaingia ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua pamoja nayo, joto linapanda, na pistoni inakwaruza ukuta wa silinda. Jeti iliyoziba nusu, ambayo ungeisafisha kwa saa moja, inakugharimu pistoni, ringi na kazi ya kuchonga silinda. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "inaenda hivyo hivyo".

Kusafisha kwenyewe kunahitaji utulivu. Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia. Kabla ya kutoa skrubu ya kurekebisha mwendo wa chini, ifunge taratibu mpaka igote, ukihesabu mizunguko, na uandike idadi hiyo. Ukiisahau utahangaika wiki nzima. Fungua kikombe cha chini, kinachokaa petroli. Kwenye mashine iliyokunywa maji ya chumvi utakuta unga mweupe sakafuni mwa kikombe na ukijani kwenye shaba ya jeti. Wakati mwingine kuna tone moja la maji linaloviringika kama jicho la samaki. Toa jeti, ziangalie dhidi ya jua. Jeti kubwa utaona tundu la mviringo safi. Jeti ndogo utaona nuru ya ncha ya sindano, au usione kitu.

Usichome jeti kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu likipanuka kidogo tu kipimo kimeharibika na hakirudi. Chuna waya wa umeme, chomoa uzi mmoja wa shaba, upitishe bila nguvu. Loweka kwenye dawa ya kabureta au petroli safi, halafu puliza kwa upepo wa wale wanaojaza matairi. Puliza na njia zote za ndani ya mwili wa kabureta, maana jeti safi kwenye njia iliyoziba haisaidii. Oringi na gasketi zisilowekwe kwenye dawa, zitavimba.

Hapa kuna uchaguzi mdogo ndani ya uchaguzi: kusafisha tu na kurudisha gasketi zilezile, au kununua ripea kiti, ile seti ya gasketi, oringi, sindano na kiti chake. Kama kabureta haijafunguliwa miaka mingi, nunua seti kwanza, ndipo ufungue. Gasketi ya zamani mara nyingi inachanika ukiitoa, na boti haiwezi kusubiri spea kutoka Dar es Salaam. Gasketi ya kukata kwenye boksi la biskuti inakupeleka nyumbani, haikupeleki kazini kesho. Na sindano ikiwa na mstari uliochimbika kwenye ncha yake, ibadilishe bila mjadala. Hata ukiisafisha namna gani, itavujisha.

Njia ya tatu: kabureta nyingine

Kuna tatu sokoni: ya kunakili, iliyochomolewa kwenye mashine iliyokufa, na halisi ya kampuni.

Ya kunakili inang'aa na bei yake inavutia. Ile niliyoinunua mimi ilikuwa ya aina hii. Baada ya kuweka oringi mpya mashine iliacha kuzima, lakini plagi zilitoka nyeupe kama chaki badala ya rangi ya kahawia. Nilifungua vikombe vyote viwili nikaweka jeti kubwa mbili kiganjani, ya zamani na mpya. Kila jeti ina namba iliyogongwa. Ya mpya ilikuwa ndogo kuliko ya zamani. Mashine ilikuwa inakimbia na njaa, na mimi nilikuwa nimetulia kwa kuwa haikuzima. Niliirudisha kabureta ya zamani siku hiyohiyo, baada ya kuisafisha na kuitia gasketi mpya. Sisemi kila ya kunakili ni mbovu. Nasema ukiinunua usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi: linganisha namba za jeti, pima urefu wa boya dhidi ya la zamani, na baada ya safari ya kwanza soma rangi ya plagi.

Iliyochomolewa ina faida ya kuwa kitu halisi. Shida yake ni historia. Kama mashine ilizama, kabureta ilikunywa chumvi, na alumini iliyoliwa na chumvi hairudi. Tena angalia namba zilizogongwa kwenye mwili wake. Yamaha ya 9.9 na ya 15 za muundo wa zamani zina injini ya ukubwa mmoja, sentimita za ujazo 246, na kwa macho kabureta zinafanana, lakini vipimo vyake vya ndani ni tofauti. Ukiifunga ya 9.9 kwenye 15 utapata mashine dhaifu na utaendelea kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe. Kwa fundi anayejua kusoma namba, hii ni njia nzuri kuliko ya kunakili. Kwa asiyejua, ni bahati nasibu.

Halisi ni ghali, na kwa mashine kuukuu unaweza kujiuliza kama inastahili. Kwangu inastahili pale tu mwili wa ya zamani umekwisha: sehemu ya kukalia sindano imeliwa, uzi wa skrubu umeisha, au mhimili wa kipepeo, ile sahani inayofungua na kufunga njia ya hewa, unacheza kiasi cha kuingiza hewa. Na kabla ya kulipa, pima mgandamizo wa silinda zote mbili. Kama silinda moja imechoka, hakuna kabureta itakayoiponya, na pesa hiyo ni ya ringi.

Petroli yenyewe

Kuna tatizo ambalo hakuna spea inayolitibu. Unabadilisha kila kitu, mashine inakaa sawa siku mbili, inarudi palepale, kwa sababu dumu ni lilelile.

Chukua chupa ya maji iliyo angavu na kavu. Nyonya petroli kutoka chini kabisa ya tangi lako, si juu, mimina, iache isimame dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari kati yao. Kuchuja kwa kanga kunazuia mchanga na nyuzi, lakini maji hupita pamoja na petroli. Ukikuta maji, mwaga yote ya tangini, kausha tangi, na dumu lako lisimame usiku kucha kabla ya kumimina, ukiacha kiasi cha kikombe chini.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni habari nyingine. Tanzania ilikuwa na tatizo hili kwa ukubwa hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010. Mafuta ya chupa na madumu ya vichochoroni hayana mwenyewe wa kumuuliza. Mashine inawaka kwa shida ikiwa baridi, moshi wake una harufu ya koroboi, plagi zinashika masizi. Zipo mashine zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa, lakini zile huwashwa kwa petroli kwanza ndipo zikahamishiwa, na kabla ya kuzimwa hurudishwa kwenye petroli ili kabureta ibaki na mafuta ya kuwashia. Kama yako si ya aina hiyo, usiigeuze.

Oili nayo ina kipimo. Kitabu cha mashine nyingi hizi kinasema 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita. Dumu la lita 20 linataka mililita 400, tangi la lita 24 linataka 480. Fuata kitabu chako kama kinasema vingine. Kuongeza oili "kwa usalama" kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti, na kuna wanaoua injini kwa nia njema. Na iwe oili ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa upepo.

Namna ya kulaza mashine isiyotumika kwa muda nayo inachaguliwa. Wengine huchomoa mpira na kuiacha ijizime yenyewe mpaka kabureta ikauke. Inafanya kazi, ila zile sekunde za mwisho injini inakimbia bila petroli na bila oili. Mimi napendelea skrubu ya chini ya kikombe: nafungua, namwagia kwenye kopo, nafunga. Inachukua muda kidogo zaidi, na kwenye kopo naona kama kulikuwa na maji.

Kwa hiyo, anayevua au kubeba abiria kila siku na hana mashine ya akiba, asingoje: abadilishe mpira, oringi na pampu ya mkono sasa, zote kwa pamoja, na awe na ripea kiti ndani ya boti. Mwenye boti ya kutumia mara moja moja asafishe kabureta kwanza baada ya jaribio la tangi, kwa sababu petroli iliyolala miezi ndani ya kikombe ndiyo adui yake. Na anayenunua mashine iliyotumika asiikubali ikiwa imewashwa kabla hajafika. Aishike iwe baridi, avute kamba yeye, aende nayo majini robo saa, aiguse pampu ya mkono ikiwa inakwenda.

Mwaka ule kaskazi ilipoanza, yule mzee alipanda tena boti yangu kwenda Jibondo. Alinipita, akainama, akaibonyeza pampu kwa vidole viwili. Ilikuwa ngumu. Akaenda kukaa omoni, akafungua kifurushi chake cha tambuu.